Malalamiko ya Bibi Harusi Aliyenyimwa Sifa ya Kunona

Kwa Daktari wa Watoto, chumba cha mwisho kando ya maabara,

Basi kama nilivyokuwa nikisema, Daktari, kabla muuguzi hajamwita mwingine, amri yako ni nzito mno kwa mtu aliyeolewa juzi. Shikamoo, na samahani kwa kuanza katikati. Mume wangu, fundi mapazia, mwanga wa macho yangu, husema hata ndoto zangu huanzia katikati.

Sisi tulikuletea mtoto asiyekula. Binti wa mume wangu, ambaye sasa ni wangu pia, huvaa sweta mbili juani, humega mkate vipande vidogo na kuvipanga kando ya sahani kana kwamba wageni wanakuja. Ukatuambia si ukaidi wala si mapishi yangu. Katika ubongo wake kuna kengele ya hatari inayolia akiona chakula, huenda alizaliwa na mwelekeo huo, na maneno yetu kuhusu miili huichochea. Ndipo ukaamuru: nyumbani asitajwe mnene wala mwembamba. Nalalamika hivi:

1. Kila bibi harusi ana haki ya kuambiwa, "Umenona, ndoa imekukubali!" Nami nimenona, Daktari, kwa mapenzi ya yule mwanamume! Gauni la harusi halipiti mabegani, na hakuna anayeruhusiwa kusema. Nimenona bure.

2. Mama mkwe amebaki bila salamu. Maisha yake yote amewapokea wageni kwa kuwapima kwa macho. Sasa hufungua mdomo, huufunga, huketi. Nahofia afya yake.

3. Umetunyang'anya jina. Nyumba nzima ilimwita mtoto Kibonge, kwa mapenzi matupu, naye aliitika akicheka. Ubongo gani huo unaosikia mapenzi ukayaita tusi? Na kama ulisikia hivyo siku zote, yeye alikuwa akicheka nini? Swali hili linaninyima usingizi, kwa hiyo nalo nalilalamikia.

4. Nilimuuliza mume wangu kama na mapenzi yetu yako kwenye ubongo. Akajibu, "Sasa mke wangu, ulidhani yako kwenye figo?" Nililia.

Umesema uzito usipopanda mwezi huu utamlaza wodini. Tangu hapo mume wangu hujifanya anatafuta funguo chini ya meza, mtoto asimwone machozi.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: ama uuite huo ubongo uuonye, maana ni wa mtoto wa miaka kumi na hauwezi kuwa na sauti kumshinda mama mkwe, ama unipe cheti chenye mhuri kwamba nimenona, nikifiche kabatini.

Msalimie muuguzi, na yule mzee wa mizani uliyemkataza kutaja uzito kwa sauti.

Wako katika ndoa tamu isiyosifiwa,
Mke wa fundi mapazia

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mama mkwe alipoingia. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akafungua mdomo, akakumbuka, akageukia dirishani: "Mkwe wangu... mapazia yako yamenona!" Mtoto, aliyekuwa mezani na mkate wake, alicheka mpaka akashikilia meza. Na ule mkono ulioshika meza, ukirudi, ulipitia kwenye mkate, ukaenda mdomoni. Kipande kimoja, halafu kingine. Mume wangu alitafuta funguo. Daktari, amri yako usiiguse. Cheti nacho sikitaki tena. Tutakuja kabla mwezi haujaisha, sote, na mama mkwe ameahidi kukusifia mapazia.