Maharage Yangu ya Upande wa Barabara

Leo nimeaibika mpaka masikio yanawaka moto. Naandika nikiwa nimejificha zizini, maana sebuleni wageni wanakula mbuzi wangu huku wananicheka.

Mnanijua. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza na mbuzi wawili, leo nina trekta. Nambis nzima inajua shamba la Gwandu halijawahi kuwa na zao la aibu. Ndiyo maana binti mmoja mtafiti alipotafuta sehemu ya jaribio lake, nilimwambia, "Leta hapa. Umefika kwa mwenyewe."

Akachagua kipande chenye udongo uliochoka, akapanda maharage aina mbili, ndugu kabisa. Yanatofautiana jeni moja tu, ile inayoamuru seli za ngozi ya mzizi zirefuke ziwe vinyweleo vya kutafutia chakula. Aina moja, jeni inafanya kazi. Nyingine imezimwa. Mzizi kipara!

"Baba, mbolea usiweke hata punje," alisema. "Tunataka kuona mizizi yenyewe inajitafutiaje."

Nikaitikia. (Kuitikia ni rahisi.)

Shida ni kwamba yale ya kipara yalikuwa upande wa barabara. Yakawa njano! Watu wakienda mnadani wanapunguza mwendo watazame. Jirani yangu Mzee Tluway akapaza sauti: "Gwandu, hayo maharage umeyapeleka zahanati?"

Ikaniuma. Nikachukua ndoo ya mbolea, nikaiwekea mistari ile inayoonekana kutoka barabarani. Ya nyuma niiwekee ya nini? Nani anaiona?

Leo ndiyo siku ya kuonyeshana. Wakulima wamekuja, wengine mpaka kutoka Balangdalalu, kuchagua mbegu isiyodai mbolea nyingi. Wakakuta ya kipara yamenona kuliko ndugu zake! Binti akang'oa shina, akaosha mizizi kwenye beseni, akaiangalia kwa lenzi. Kipara kabisa.

"Haiwezekani," akasema taratibu. "Sasa yamekulaje?"

Ningenyamaza tu. Lakini mimi huyu! Nikasimama mbele ya watu: "Ni mkono wangu! Nikigusa kitu kinaota!"

Wakanipigia makofi. (Nikainamisha kichwa kidogo, kama kiongozi.)

Binti akaingia katikati ya shamba, sisi nyuma yake. Mstari wa saba, kijani. Wa nane, njano, kama umepimwa kwa kamba.

Mzee Tluway akainama, akatazama, akajinyoosha.

"Gwandu. Ndoo iliishia hapa?"

Kicheko! Mama mmoja alikaa chini kabisa.

Binti hakucheka. Alifunga daftari lake. "Baba, hawa wote wamekuja kutafuta jibu. Mbolea imeshaingia, vipimo vyote vimeharibika. Sasa sina la kuwapa."

Hapo ndipo nilipokwisha. Wametoka mbali, wanarudi bila mbegu, kwa sababu mimi niliona haya mbele ya wapita njia.

"Mwanangu, nisamehe," nikasema. Akanijibu tutarudia msimu ujao, na ya kipara yatakaa palepale barabarani.

Msinicheke. Mkipita Nambis mkaona maharage ya njano, pigeni honi tu mwende zenu. Safari hii nimeyaruhusu.