Simu ya Upepo Haijafunguliwa Rasmi

Jumatatu, 13 Novemba 1972. Kisarawe.

Siku yangu! Meneja wetu, Ndugu Melkiori, amenitangaza mbele ya ofisi nzima kuwa Msimamizi wa Mradi wa Simu ya Upepo. Mimi, Twalibu, karani wa magunia! Anselmi wa stoo alikuwa anaitamani kazi hiyo hadi akanyoa ndevu. Amenipongeza kwa kupiga makofi ya vidole viwili. Nimemwona.

Mradi wenyewe ni hivi. Chombo kimoja cha kuzungumzia bila waya hapa ofisini, cha pili ghalani Maneromango. Bi Justa, mtunza ghala wa huko, atakuwa anatuambia korosho zikiwa tayari na barabara ikipitika, ndipo lori liende. Kwa sasa lori linakwenda kwa kubahatisha. Wiki iliyopita lilikwenda, korosho zikiwa bado mashambani. Likarudi na kuku wa dereva.

Meneja amesema ghala la Maneromango ni dogo, magunia mengi yanalala nje, na vuli inanyemelea. Korosho zikiloa, kuna mtu atafukuzwa au atahamishwa. Mradi ukifana, msimamizi atathibitishwa kuwa Mkuu wa Mawasiliano, na atapewa meza yenye droo. Meneja aliendelea kusema mambo mengine, lakini mimi nilikuwa nafikiria nitaweka nini ndani ya droo.

Alhamisi, 16 Novemba.

Balaa! Fundi Salumu amekuja kutoka Dar, akasimika mlingoti, akafunga chombo hapa, akaenda Maneromango akafunga cha pili, na leo amerudi anasema kazi kwisha. Kwisha! Siku tatu! Nani atampa mtu meza yenye droo kwa mradi wa siku tatu?

Tena anashauri tuzungumze na Maneromango kila asubuhi, ili tuzoee na kasoro zijulikane mapema. Ukimaliza kusema unatamka "ova", mwenzako ajue zamu ni yake. Akanyoosha mkono anionyeshe vitufe. Nikaudaka mkono hewani. Nikamwuliza amewahi kuona wapi mali ya umma ikatumiwa kabla ya kufunguliwa rasmi. Kisima cha kijijini kwetu kilikaa na kifuniko mpaka mgeni rasmi alipopatikana, na sisi tukaendelea kuchota mtoni kwa adabu. Salumu alikuna kichwa, akaulizia gari la kurudi Dar.

Nimetangaza: hakuna kugusa, hakuna kuwasha, hakuna kujaribu. Neno la kwanza litasemwa na Mkurugenzi kutoka makao makuu. Chombo nimekifunika kwa shuka lenye maua. Shuka ni la mke wangu, Mwanahalima. Bado hajaambiwa.

Jumamosi, 18 Novemba.

Kazi imepamba moto. Nimeunda Kamati ya Ufunguzi, na ndani yake Kamati Ndogo ya Utepe, ya Pilau, na ya Ngoma. Anselmi nimemtupia Kamati Ndogo ya Viti, akome. Yeye akauliza, mbele ya Meneja, kama kuna kamati yoyote ya kuzungumza na Maneromango. Watu walicheka. Nikajibu kwamba suala hilo litaangaliwa katika awamu ya pili. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika, au labda alikuwa anafukuza nzi.

Nimetoa taarifa ya maendeleo: mradi umekamilika kwa asilimia tisini. Meneja akauliza kumebaki nini. Nikasema kuwasha.

Mwanahalima ameulizia shuka lake. Nimemwambia liko kwenye ujenzi wa taifa. Amenipakulia ugali bila mboga, akasema na mboga nayo imekwenda kulijenga.

Jumanne, 21 Novemba.

Leo wenzangu walikwenda kula, nikabaki peke yangu. Nikakiwasha chombo kidogo tu, nione taa yake nyekundu. Kutazama taa si kutumia.

Ghafla sauti ya mwanamke! Kisarawe, Kisarawe, hapa Maneromango. Korosho tayari, barabara kavu, leteni lori leo hii, wingu limetanda, ova. Bi Justa! Sauti safi kama yuko chini ya meza! Nilisimama wima nikavua kofia. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kuandika. Mradi wangu unafanya kazi!

Halafu nikafikiri. Huyu mama ana haraka ya nini? Anataka neno la kwanza liwe lake! Ndivyo watu wanavyonyang'anywa miradi. Sikujibu. Kujibu ni kufungua. Akaita tena na tena, kila mara na "ova" yake, na kila ova ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Nikatafuta kitufe cha kuzimia sikukiona. Nikaongeza blanketi juu ya shuka na kufunga chumba kwa kufuli.

Alasiri nimemwandikia barua ya onyo kwa kosa la kutumia simu ambayo haijafunguliwa, nikampa kondakta wa basi la Maneromango. Jioni Meneja akaniuliza kama kuna habari yoyote kutoka huko. Nikamwambia hakuna habari iliyopokelewa rasmi. Si uongo! Hili neno "rasmi" limenifaa sana maishani.

Alhamisi, 23 Novemba.

Meneja hana raha. Anachungulia mawingu ya kusini kila saa. Asubuhi akasema potelea mbali, lori liende Maneromango hivyo hivyo kwa kubahatisha. Moyo ulinipasuka. Lori ni la Kamati! Nikamkumbusha kwamba viti vya kukodi viko Kibaha, kipaza sauti kiko Kibaha, wapiga ngoma wako Mbwawa, na Mkurugenzi anakuja keshokutwa. Je, tumkalishe Mkurugenzi juu ya gunia? Hapo Meneja alinywea. Lori limekwenda Kibaha.

Mchana blanketi likaanza kuunguruma. Bi Justa tena. Anasema barua ya onyo ameipata, ameisoma, ameiwashia jiko. Anasema manyunyu yameanza na tusipoleta lori leo tusije tukamlaumu. Anselmi alikuwa anapita nje akauliza mlangoni nani anazungumza humo. Nikamwambia ni tumbo langu. Akatega sikio mlangoni, akasema tumbo langu lina lafudhi ya Maneromango.

Nimeandika onyo la pili. Basi halikwenda, kondakta anasema barabara imeanza kuteleza. Nimeiweka barua mfukoni mpaka hali ya hewa itengemae.

Jumamosi, 25 Novemba.

Ufunguzi.

Uwanja ulijaa. Ngoma ya Mbwawa ilitikisa mabati. Mkurugenzi alikata utepe kwa mkasi wa fundi cherehani, watu wakashangilia. Nikaondoa blanketi. Nikaondoa shuka. Kutoka upande wa akina mama ikasikika sauti ya Mwanahalima ikisema haya, ujenzi wa taifa ni huo!

Mimi mwenyewe ndiye niliyebuni kipaza sauti kisogezwe karibu kabisa na chombo, ili kila mtu asikie neno la kwanza. Hata sokoni wasikie. Mkurugenzi akakohoa, akasoma nilichomwandikia. "Maneromango, hapa Kisarawe. Ndugu zetu, mnatusikia? Ova."

Chombo kikakwaruza. Kisha sauti ya Bi Justa:

"Nawasikia! Nawasikia tangu Jumanne! Nyie ndio hamnisikii! Nimeita mpaka koo limekauka, mnanijibu kwa barua, eti simu haijafunguliwa! Mvua haikungoja kufunguliwa, ndugu zangu, imeshuka! Tumehamisha magunia kwa vichwa, mimi na akina mama, mpaka darasa la misheni. Mchungaji mwenyewe kabeba, mgongo umemkatika. Yaliyobaki nje yameloa chapachapa. Huyo Twalibu yupo hapo? Mpeni salamu zake! Ova!"

Nilirukia vitufe. Nikabonyeza kimoja. Sauti ikaongezeka. Ile "ova" ya mwisho ilimwamsha mtoto upande wa pili wa barabara.

Mkurugenzi alimgeukia Meneja akauliza lori lilikuwa wapi siku zote hizo. Lori lilikuwa mbele ya macho yake, wapiga ngoma wameliegemea. Meneja alinitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke, na naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Dereva akaamriwa aondoke palepale. Viti vilivyokuwa bado garini navyo vikaenda Maneromango. Nusu ya wageni walikula pilau wamesimama.

Mkurugenzi aliniuliza jina langu mara mbili, akaliandika. Anselmi akaja kuniambia kamati yake ilijitahidi, ila viti vimesafiri. Nilikula pilau yangu nyuma ya stoo. Ilikuwa nzuri.

Jumatano, 6 Desemba. Maneromango.

Nimehamishwa. Mlinzi wa magunia ya nje, chini ya Bi Justa. Mwanahalima amebaki Kisarawe, na shuka. Anselmi ndiye Mkuu wa Mawasiliano. Kila asubuhi anazungumza na Bi Justa: korosho tayari, ova, lori linakuja, ova. Lori linakuja kweli, linapakia, linaondoka. Hivyo hivyo kila siku, bila hotuba, bila hata chai. Mradi umekufa.

Nimepata nafasi ya kutafakari kosa lilikuwa wapi. Sijilaumu ovyo, nimepima kila hatua. Nimeligundua: kipaza sauti. Bila kile kipaza sauti Bi Justa angemalizia hasira zake masikioni mwa Mkurugenzi peke yake, na mimi leo ningekuwa na droo.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo lori limeleta turubai jipya kabisa kutoka makao makuu, kubwa, la kijani, la kufunikia magunia yanayolala nje. Nimelipokea kwa mikono yangu. Bi Justa akatazama mbinguni, akasema nilitandaze upesi. Nikamweleza kwa upole, maana si wote wanaojua mambo haya, kwamba turubai la umma halitandazwi hivi hivi kabla ya ufunguzi. Mwaka Mpya unafaa. Mwenyekiti wa kamati ni mimi. Mchungaji atasali, mgongo wake ukikubali. Safari hii hakuna kipaza sauti.

Bi Justa amenipa kisogo. Amekwenda kuita watu, nadhani ni wajumbe wa kamati.

Mvua imeanza, tena kubwa. Nimelikimbiza turubai chumbani kwangu na kulisukuma chini ya kitanda, lisije likaloa.