Nilivyomuua Iriva Kabla ya Juzuu la Saba

Jumatatu, 14 Julai

Upepo mkali. Vumbi mpaka kwenye meno. Viatu jozi kumi na moja, na kimoja cha kushoto ambacho mwenyewe hajulikani. Siku nzuri tu ya kazi, mpaka alipokuja Batholomeo.

Batholomeo ni yule karani wa ofisi ya serikali ya jirani. Tai kila siku, hata jua likiwaka. Alikuja kupigiwa viatu rangi. Bila kuulizwa akatangaza kwamba juzuu la saba la *Mwamba wa Wafalme* limetoka. La saba na la mwisho! Rafiki yake anamletea kutoka Dar Alhamisi. Jumamosi saa nane mchana atakaa uani kwa Mama Paskazia, pale mgahawani, asome Kiingereza na kukigeuza Kiswahili papo hapo. Bure. Wote karibuni. Kisha, huku akijitazama kwenye ncha ya kiatu, akasema ana hamu ya kuona Iriva atamfanya nini Mfalme Goromo.

Brashi ikanidondoka.

Iriva? Iriva mchunga mbuzi? Iriva alishakufa! Alikufa juzuu la tano, hapa hapa kwenye benchi langu, mwaka juzi mwezi wa tisa. Najua vizuri sana. Nilimuua mimi.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme ukweli. Hadithi hii mimi, Optatus, ndiye niliyeileta hapa mtaani Makole. Juzuu la kwanza nilinunua kwenye mitumba nikalisoma lote kwa kamusi, miezi mitano. La pili nikasoma nusu. Kuanzia la tatu nimekuwa nikisoma majalada. Mtu aliyetembea kama mimi (nimefika Nairobi, nusu siku) akiona jalada anajua kitabu kinasema nini. Jalada la tano lilikuwa na kichuguu cha udongo, juu yake fimbo ya kuchungia imesimikwa. Wewe ungesema nini? Kaburi. Nikamzika.

Nilimzika vizuri mno, hilo ndilo tatizo. Watu walilia (Batholomeo alikuwa likizo kwao, hakuhudhuria). Mwalimu Fabian alileta kwaya, wakaimba nyimbo tatu. Mama Paskazia alileta sufuria la maharage. Na Bibi Emilia, anayeuza karanga na mlenda mkavu hapa pembeni yangu, alifunga biashara siku mbili akachinja jogoo wake. Mimi nilikaa upande wa wafiwa. Nililetewa paja na shingo.

Nikala.

Jumanne, 15 Julai

Mpango wa kwanza. Watu wasiende.

Mapema nikapita kwa Mama Paskazia, nikamnong'oneza kwamba juzuu la saba limejaa majini. Kwamba kuna ukurasa ukisomwa kwa sauti taa zinazimika zenyewe. Kwamba mimi nisingemruhusu mtu asome kitu cha namna ile mahali ninapopikia chakula. Akaweka mwiko chini. Akasema asante kwa kunijulisha. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Saa sita habari imeshafika kata ya Mkonze. Mama Paskazia anaazima viti. Vijana wa gereji wanataka wakae mbele, karibu na taa. Mwalimu Fabian ameahirisha mazoezi ya kwaya, waimbaji wote watakuwepo, kwa ajili ya ulinzi wa kiroho. Amenishukuru kwa kunishika mkono.

Nilitegemea watu ishirini. Sasa ni sitini!

Jumatano, 16 Julai

Mpango wa pili, wa kisomi zaidi. Kumfufua.

Mchana, Bibi Emilia alipofungua chombo cha ugali wa uwele na mlenda akanisogezea upande wangu kama siku zote, nikaanza taratibu. Nikasema, Bibi, unajua vitabu hivi ni vya ajabu. Mtu anaweza kuzikwa, kumbe si yeye.

Akatafuna. Akauliza, "Si yeye nani?"

Nikasema mtu yeyote tu, mfano labda Iriva.

Akaacha kutafuna. "Mwanangu Optatus. Na jogoo wangu naye kumbe si yeye?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema alimlilia Iriva kwa machozi ya kweli, kwa sababu yule binti alichunga mbuzi kama yeye alivyochunga kijijini Haneti akiwa mdogo, na hakuna kitabu kingine kilichowahi kumkumbuka mtoto wa namna hiyo. Akasema kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia balaa. Mtu atakayekuja kumwambia kwamba alilishwa msiba wa uongo, yeye na mtu huyo basi. Hatakaa naye. Hatakula naye. Hata shikamoo yake hataitikia.

Kisha akaniongezea mlenda.

Niliacha shule darasa la sita, mama alipofariki. Tangu nifungue benchi hili miaka minane iliyopita, Bibi Emilia hajaniacha nile peke yangu hata siku moja. Nilipougua alinibebea uji mpaka chumbani. Sina mwingine Dodoma nzima. Nina wateja wengi, nina marafiki, najulikana mpaka stendi. Lakini mwingine sina.

Kwa hiyo Batholomeo asisome. Basi!

Alhamisi, 17 Julai

Mungu ana kiti chake hapa Makole. Asubuhi Batholomeo kaja na viatu vyeusi mkononi. Soli imeachia, kulia na kushoto. Anavitaka kwa ajili ya Jumamosi. Anavyo hivyo tu. Vile vya kahawia alivyokuja navyo Jumatatu kumbe ni vya binamu yake, aliyerudi navyo kwao.

Mtu wa tai hawezi kusimama mbele ya watu sitini bila viatu. Na silaha ya fundi ni moja tu, ya tangu enzi na enzi. Nikavipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Njoo kesho, bosi."

Ijumaa, 18 Julai

Kaja. Nikamwambia gundi haijashika, njoo kesho. Kasema, "Fundi, kesho ndiyo siku yenyewe." Nikamwambia ndiyo maana nasema kesho.

Hakukasirika. Alikuwa na furaha ya mtoto. Akafungua begi akanionyesha. Juzuu la saba! Nene kama tofali. Akaniambia nishike, nishike tu, sisi ndio tulioianza safari hii pamoja. Nikashika. Nikafungua katikati, nikakunja uso kama daktari. Akaniuliza nimeonaje. Nikasema lugha nzito.

Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, Iriva anaendeleaje.

"Mzima wa afya," akasema. "Sura ya kwanza tu kashaingia mjini na jeshi."

Nikauliza, na kile kichuguu cha juzuu la tano? Ile fimbo juu yake? Akanishangaa. Akasema alikuwa anaizika fimbo ya marehemu baba yake, anaacha kuchunga, anakwenda vitani. Si nilisoma?

Nikasema nilisoma, nampima tu yeye.

Nilikaa na sindano mkononi mpaka uzi ukatoka. Fimbo! Binti kazika fimbo, mimi nikamzika binti.

Viatu nimevificha chini ya gunia la raba.

Jumamosi, 19 Julai

Nianze asubuhi.

Saa nne Batholomeo kaja na kandambili za bafuni. Shati limepigwa pasi mpaka linakata. Tai mpya. Nikamwambia pole sana bosi, njoo Jumatatu. Akatazama kandambili zake. Akasema sawa, hamna neno, atasimama nyuma ya meza, watu hawataona. Halafu akaniambia kitu ambacho hakupaswa kuniambia. Kwamba ofisini kazi yake ni kurudufu karatasi za wengine. Mwaka wa nne sasa, hakuna mtu aliyewahi kukaa chini kumsikiliza yeye akimaliza sentensi. Leo ni mara ya kwanza. Hajalala.

Akageuka aondoke. Chap chap chap, zile kandambili.

Mjinga mimi! Moyo wangu ni wa siagi. Nikamwita. Nikavuta viatu chini ya gunia, nikavipaka gundi nyingi, nikavigonga, nikamvalisha mwenyewe nimepiga magoti. Nikampa silaha adui yangu. Hata senti sikumtoza.

Saa nane ua umejaa. Watu kwenye viti, kwenye ndoo, juu ya ukuta. Kwaya imesimama nyuma na sare. Bibi Emilia mbele kabisa, kanga mpya, ameniwekea kiti pembeni yake, amekilinda kwa mkoba. Nikakaa. Jasho, na upepo wote ule wa baridi.

Batholomeo akasimama, akafungua kitabu. Sauti nzuri, Mungu anihurumie. Akasema mlango wa jiji ulikuwa wa shaba. Watu wakasogeza viti. Akasema walinzi arobaini walikuwa juu ya ukuta. Akasema, "Ndipo Iriva akapiga hodi."

Nilifumba macho.

Nikasikia mkoba ukiwekwa chini. Bibi Emilia alikuwa amesimama. Akauliza kwa adabu, "Iriva yupi, baba?"

"Iriva mchunga mbuzi, Bibi."

"Huyo tulishamzika."

Batholomeo akacheka kidogo, akadhani anataniwa. Akasema hapana Bibi, Iriva hajawahi kufa. Ua ukalipuka! Kijana wa gereji akapiga kelele kwamba yeye mwenyewe aliacha kazi kwenda kwenye ule msiba. Mama Paskazia akauliza maharage yake yalikuwa ya nani basi. Mwalimu Fabian akapanda juu ya kiti, akasema kwaya yake haijawahi kumwimbia mtu aliye hai, huu ni udhalilishaji, hicho kitabu ni feki, cha kurudufu, wameuziwa Dar watu wa Dodoma kwa sababu wanaonekana washamba. Batholomeo akainua kitabu, akaonyesha ukurasa, akageuza huku na huku. Nani atasoma Kiingereza kile? "Mwongo!" wakasema. "Kaa chini! Tumwite Optatus!"

Akarudi nyuma hatua moja. Soli ya kulia ikaachia, ikafungua mdomo. Watu wakacheka. Nikaona kidevu chake kinacheza.

Nikasimama. Sikupanga. Miguu ilisimama yenyewe.

Nikasema, jamani, huyu bwana anasema kweli. Iriva yuko hai. Nikasema mimi ndiye mwongo. Juzuu la tano sikulisoma, niliona jalada tu, nikatunga. Msiba niliutunga. Jogoo nilimla bila haki. Nikamgeukia Bibi Emilia. Nikasema, "Nisamehe, mama." Nilikuwa sijamwita hivyo kamwe.

Akanitazama. Nilimwona mama yangu akishushwa kaburini kwa mara ya pili.

Kisha akaangua kilio, akanikumbatia kichwa. Akawageukia watu. Akasema, "Mnamwona huyu? Mnamwona mtoto huyu? Anajichafua mwenyewe mbele ya watu ili kijana wa watu asiaibike!"

Wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele! Nikasema hapana, sikilizeni, ni kweli, nilitunga. Mama Paskazia akafuta macho kwa aproni, akasema moyo huo utaniponza siku moja. Nikasema sijui hata Kiingereza! Wakacheka wakashikana mbavu. Mwalimu Fabian akasema unyenyekevu wa namna hii ameusoma tu, hajawahi kuuona.

Mara moja maishani nimesema ukweli mtupu mbele ya watu. Hakuna aliyeununua.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa nikafungua benchi, ingawa si siku ya kazi. Bibi Emilia akaja na chakula. Kuku! Wa mboga ya kawaida tu, akasema, kwa mtoto wake. Amesema hivyo, mtoto wake. Nilikula nikitazama chini.

Hapo akatokea Batholomeo, kiatu kimefungwa kamba. Bibi Emilia akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, baba, kaa ule, uongo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, utapona." Akamsogezea sahani. Batholomeo akafungua mdomo aseme kitu. Akaona finyango za kuku. Akafunga mdomo, akakaa.

Nilikuwa nimeshaapa. Usiku kucha nimeapa. Sitatunga tena, naanza kamusi upya, herufi A. Nimeapa kwa jina la marehemu mama.

Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, mpaka wakawa kumi na watano. Bibi Emilia akafuta mikono. Akasema basi, mwanangu, kitabu kile cha bandia tumekikataa, sasa wewe tupe mwisho wenyewe. Nani alikalia kiti cha Goromo?

Nikasema hapo ndipo watu wanapokosea. Mwisho haujafika.

Wakasogea.

Nikasema la saba ni la kuwapoteza wezi wa vitabu tu. Lipo la nane. Limefichwa. Mwandishi anao watu wachache anaowaamini duniani kote. Mmoja yuko Nairobi, tulikunywa naye chai. Muulizeni huyu msomi hapa.

Wote wakamgeukia Batholomeo. Mfupa ulikuwa mdomoni. Akanitazama. Akautazama mfupa. Akasema, "Ndiyo. Nami nimesikia lipo."

Walipoondoka alibaki. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye hilo la nane mfungua lango yule mzee wa juzuu la pili atakuwepo, kwa sababu ndiye anayempenda kuliko wote, na anaomba, kama inawezekana, asiguswe.

Nimemwahidi. Namwonea huruma. Ila ninavyoona mimi, mzee wa watu hafiki sura ya tatu.