Vidole Vyangu Vitatu na Macho ya Mama

Ponsiano Ndimbo,
Mkumbara,
Korogwe.

11 Machi 2024

Mratibu wa Kanda,
Mpango wa Tegemeo la Kaya,
Handeni.

Ndugu Mratibu,

YAH: MAMA YANGU KUPONA UPOFU BILA FAMILIA KUARIFIWA

Naomba ukisome tena kichwa cha habari, maana hata mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Mustapha, kabla ya kunigongea muhuri alidhani nimekosea. Sijakosea. Mama yangu alikuwa kipofu kwa miaka kumi na moja, na mwezi Novemba mwaka jana ofisi yako ikamponya. Nyumbani hatukupata barua yoyote. Hata mwenyewe hajajua kama anaona. Juzi amejikwaa kwenye ndoo ya maji ikamwagika yote.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Mkono huu wa kushoto umeanza shule ukubwani, ndiyo maana mistari inapanda kama barabara ya Vugiri.

Babu yangu aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka akazikwa pembeni ya mkonge. Mama, ambaye watu wote wanamwita Bibi Rhoda, alifanya kazi kwenye brashi, kusafisha singa, yaani nyuzi za mkonge, miaka ishirini na sita. Baadaye presha ya macho ikamchukua taratibu, jicho moja kwanza, kisha la pili. Mimi nilikuwa kwenye korona, mashine inayosaga majani ya mkonge ikabakiza singa. Jumatano moja ya Julai mwaka 2022, saa nne asubuhi, jani lilikwama nikalisukuma. Korona ikachukua jani, ikachukua na glavu, na ndani ya glavu kulikuwa na vidole vyangu: cha shahada, cha kati na cha pete. Nyapara wetu Faraji alizima mashine huku akipiga kelele, "Ponsi, usiangalie!" Niliangalia.

Nilibaki na kidole gumba na kile cha mwisho. Tangu siku hiyo vinatazamana kama wapangaji waliogombania choo.

Ndugu Mratibu, baada ya utangulizi huo nayaleta malalamiko yangu kwa namba, ili iwe rahisi kwako kuyajibu.

1. Kuhusu kiasi cha mkono nilionao. Madaktari wa Mfuko wa Majeraha ya Kazini walinipima, wakanigeuza mkono juu na chini, wakaandika kwamba nimepungukiwa asilimia ishirini na nane. Meneja wa shamba aliutazama mkono huohuo akasema hauwezi kushika kitu, akaniachisha kazi, akaniaga kwa mkono wa kushoto. Ofisi yako nayo, baada ya mimi kulipwa fidia, imeandika kwamba ulemavu katika nyumba yangu haupo tena. Kwa hiyo kwa Mfuko nina sehemu kubwa ya mkono, shambani sina mkono kabisa, na kwako ninao mzima. Naomba ofisi hizi tatu zikutane, hata pale stendi ya Korogwe, chai nitanunua mimi, zikubaliane jibu moja. Watu wananisalimia kila siku na sijui niwape mkono kiasi gani.

2. Kuhusu neno "mapato". Mama aliingizwa kwenye Mpango miaka sita iliyopita, akawa anapokea ruzuku ya ulemavu kila baada ya miezi miwili pale ofisi ya kijiji. Mimi niliongezwa baada ya ajali. Mwaka jana, mwezi wa kumi, fidia yangu ikatoka. Ilitoka mara moja tu, haitarudi. Nikanunua mabati ya chumba cha Mama, kilichokuwa kinavuja hadi kitandani, na mbuzi jike wawili. Kilichobaki tukawa tunakila polepole, kwa adabu.

Mwezi uliofuata akaja Dada Angel, afisa wenu, na kishikwambi chake. Alikitazama muda mrefu.

"Kaka Ponsiano, mfumo unaonyesha kaya imepata mapato."

"Mapato gani, dada?"

"Haya ya fidia."

"Dada, hivyo ni vidole."

"Najua, kaka. Lakini mfumo hauna sehemu ya kuandika vidole. Una sehemu ya mapato."

Nikamuuliza, na Mama je? Akajibu kwa sauti ya chini kwamba Mama yumo kwenye kaya yangu, na kaya ikitoka inatoka na watu wake wote, na inaandikwa haina tena mlemavu. Mke wangu Stefania alimletea maji, akayanywa bila kunitazama mkono. Simlaumu. Alikuwa na huruma, ila huruma nayo haikuwa na sehemu yake kwenye kishikwambi.

3. Kuhusu kilimo. Nimelitafakari sana neno hilo, na sitaki kuwa mkaidi mbele ya serikali. Ikiwa fidia ni mapato, basi vidole ni zao. Mimi ni mkulima wa vidole, na nimevuna vitatu bila kufuata utaratibu. Naomba kuelekezwa: je, nilipaswa kulipa ushuru wa mazao nilipovipitisha getini, siku ile Faraji alipovibeba kwenye mfuko wa nailoni kunifuata hospitali? Je, nijiunge na chama cha ushirika, na wenzangu waliovuna kwenye korona hiyohiyo wakubaliwe? Wapo wanne hapa Mkumbara, na mmoja alivuna mkono mzima. Mkonge ukiukata jani hutoa jani jingine. Mimi huu ni mwaka wa pili nasubiri, nimejaribu hata mafuta ya nyonyo, na hakuna kilichochipua. Ninaomba afisa ugani aje aone kosa liko wapi.

4. Kuhusu Mama mwenyewe. Hapa Ndugu Mratibu nitajitahidi kuandika kwa utulivu.

Ruzuku ile Mama alikuwa anaipokea kwa mkono wake. Alizitambua noti kwa kuzipima kwa vidole, kisha akazifunga kwenye pindo la kanga. Alinunua ugoro wake, akatoa sadaka yake, na Stefania akiishiwa chumvi alimkopesha kwa maringo makubwa, kama mwenye duka. Fedha nyingine zote za nyumba hii zilitoka kwa mtu. Zile peke yake zilikuwa za kwake.

Kisha zikakatwa. Baada ya wiki mbili akasema ugoro unamkohoza, ameacha. Baadaye akasema chai ya sukari siku hizi inamchefua, atakunywa ya rangi bila sukari. Tukaamini. Siku moja Stefania alitoka kuchota maji akaacha kopo la sukari mezani, na aliporudi akamkuta Mama amechovya kidole ndani. Aliposikia hatua akakificha kidole kwenye kanga, kama mtoto. Stefania akapita moja kwa moja, akajifanya hakuona. Jioni alinisimulia, akalia.

Asubuhi yake Mama aliniita.

"Ponsi, ni vidole vyako vilivyonitoa kwenye daftari?"

"Hapana, Mama. Ni mfumo."

"Huyo Mfumo ni mtoto wa nani?"

"Hana wazazi, Mama."

Akafikiri. "Ndiyo maana," akasema.

5. Kuhusu ushauri niliopewa ofisini kwako. Mwezi Januari nilimchukua Mama, tukashuka Korogwe, tukabadilisha gari hadi Handeni. Mlinzi wa getini alimpa Mama kiti chake mwenyewe. Karani wa rufaa, Bwana Awadhi, akatupokea vizuri. Akamwambia Mama, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Sauti yako ni ya mtu aliyekula." Bwana Awadhi akacheka, akafungua kanuni. Alizisoma mbele na nyuma, na mwisho akasema kwa upole kwamba njia ipo moja: bibi awe na kaya yake mwenyewe. Akiishi peke yake, hana mapato, na ni kipofu, atarudishwa kwenye orodha bila shida.

Nikamuuliza kama nimesikia sawasawa, kwamba mama wa miaka sabini na nne asiyeona ahamishwe akaishi peke yake, ndipo asaidiwe kwa sababu anaishi peke yake na haoni.

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo," akasema, na akatazama dirishani. "Sisemi ni vizuri, kaka. Nasema ndivyo ilivyo."

Nikamuuliza kaya ni nini. Akanisomea: ni watu wanaokula chungu kimoja.

Basi mimi ni mtu wa kufuata kanuni. Tulipopita Korogwe nikanunua sufuria ndogo. Siku iliyofuata Stefania akasonga ugali mara mbili kwenye moto uleule, ule wetu kwenye sufuria kubwa na wa Mama kwenye ndogo, akampelekea chumbani. Sisi tukakaa ukumbini. Tukawa tunasikia bakuli lake la mboga likigonga sahani peke yake huko ndani. Hakumaliza hata matonge matatu. Akatoka anapapasa ukuta, ameshika sahani, akaja akakaa katikati yetu, akasema, "Nilizaa nije nile chungu cha peke yangu?"

Sufuria ile sasa tunanyweshea kuku. Kwa hiyo naomba iandikwe kwenye jalada letu kwamba rufaa ilishindikana kwa sababu mlalamikaji alikataa kula.

6. Maombi. Baada ya maelezo hayo naomba moja kati ya haya, lolote litakalokuwa rahisi kwa ofisi.

Kwanza, nipewe barua yenye muhuri inayosema mkono wangu umekamilika. Nitaipeleka shambani nirudishiwe kazi, na korona ikikuta vidole havipo nitaionyesha barua. Mama naye apewe barua ya kuona, ili nimsomee, ajue. Baada ya hapo ataacha kupapasa ukuta, na akianguka tutajua ni uzembe wake.

Kama barua hizo haziwezekani, basi biashara hii ivunjwe. Mimi nirudishe fedha ya fidia na nyinyi mnirudishie vidole. Mbuzi nitawaleta wenyewe, mmoja ana mimba. Mabati naomba nisiyang'oe hadi masika yaishe, kwa sababu Mama analala chini yake. Vidole si lazima viwe vilevile. Ila kile cha pete kiwe cha kutosha pete, kwa heshima ya mke wangu.

Na kama hilo pia ni gumu, ombi la mwisho ni dogo. Mtu mmoja, yeyote, aje Mkumbara akae nasi siku moja. Asilete kishikwambi. Amtazame Mama akitoka chumbani asubuhi, anitazame mimi nikijaribu kufunga kifungo cha shati, kisha aandike alichokiona kwa maneno yake mwenyewe. Chai ipo. Sukari pia ipo, kwa kuwa Mama hanywi.

Wasalimie wote ofisini, hasa Bwana Awadhi, na yule mlinzi aliyebaki amesimama saa mbili nzima kwa ajili ya mama wa mtu. Dada Angel ukimwona mwambie Stefania hana kinyongo, apite tu wakati wowote. Stefania na Mama wanakusalimu. Mzee Mustapha anakusalimu pia, ila amesema yeye amegonga muhuri tu na maneno ya ndani ni yangu.

Ni mimi raia wako mtiifu, niliyepungua asilimia ishirini na nane,

Ponsiano Ndimbo

Nyongeza: Ndugu Mratibu, barua hii ilikuwa imeshafungwa niende nayo posta leo mchana, ndipo Dada Angel akaja na bodaboda, anacheka tangu barabarani. Tumerudishwa! Amesema makao makuu wamegundua kwamba fidia ya kuumia kazini haikupaswa kuhesabiwa kuwa mapato, na kaya yetu imeingizwa tena, walemavu wote wawili, pamoja na miezi iliyokatwa. Stefania alipiga vigelegele.

Kisha Dada Angel akatuonyesha kwenye kishikwambi, na cheko likamwisha. Imeandikwa: Ponsiano Ndimbo, miaka 46, kipofu, macho yote mawili. Rhoda, miaka 74, amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Akasema ili kurekebisha ni lazima kaya itolewe kwanza, isubiri zoezi lijalo la uandikishaji, ambalo tarehe yake haijulikani. Kidole chake kilikuwa kimeshakaribia kubonyeza. Stefania akamshika mkono, akamwambia, "Dada, kunywa chai kwanza."

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tano nayafuta, na maombi yote ya namba sita nayafuta, hasa lile la kuleta mtu. Mtu asije. Ningeichana barua hii, lakini ina muhuri wa serikali na naogopa kuharibu mali ya umma. Basi naituma ili isisomwe. Ofisi yako haijakosea popote.

Malipo ni Alhamisi. Mama amefunga vidole vitatu kwa kitambaa na analalamika vinamwasha. Mimi ananifundisha kutembea nimefumba macho. Ananiambia nisinyooshe mikono mbele kama mlevi, niusikilize ukuta, niache miguu itangulie. Jioni hii nimetoka mlangoni hadi kwenye banda la mbuzi na kurudi bila kugonga kitu, na Mama, aliyekuwa anasikiliza hatua zangu mwanzo hadi mwisho, akanipigia makofi.