Ombi la Kuondolewa Kufuli Ghala Langu la Mahindi Yenye Dawa ya Pamba

Abdulrahim Yahaya,
Mfanyabiashara wa Mahindi,
Kibaigwa.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Udhibiti wa Sumu za Mazao,
Dodoma Mjini.

Mheshimiwa,

YAH: KUFUNGIWA GHALA BILA SABABU YENYE AKILI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa ofisi yako imeshindwa kuelewa mambo mepesi kuliko hilo, nitakieleza.

Jumatatu iliyopita afisa wako, Bi Tumsifu, alifika ghalani kwangu, akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanusa gunia la kwanza, akatoka nje kukohoa, akarudi na kufuli la serikali. Kosa langu, kwa mujibu wake, ni kuhifadhi mahindi ya chakula kwa dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya mashamba ya pamba. Sikatai. Nimeitumia, tena kwa ukarimu. Ninachopinga ni kuitwa mkosaji mtu aliyewaweza fukusi na dumuzi, wadudu walioshinda ofisi nyingi. Msimu wa soko ndio huu. Malori yanapita mlangoni kwangu yakielekea kwa jirani, nami nimekaa kwenye benchi natazama kufuli. Inauma, Mheshimiwa, sitaficha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Tumsifu anasema dawa ya pamba haifai kuliwa. Kwani pamba yenyewe huenda wapi? Si inakuwa shati? Shati unalivaa tangu asubuhi hadi jioni, linakunywa jasho lako, na ukichoka sana unalala nalo. Ugali unakaa tumboni saa chache tu kisha unakwenda zake. Kama dawa haimdhuru anayeshinda nayo mwilini, itamdhuruje mtu inayempitia njiani tu? Swali hilo nilimuuliza kwa heshima, akatoka tena nje kukohoa. Nikajua nimemshika.

2. Kuhusu picha ya fuvu kwenye pakiti. Aliinyanyua pakiti akawaonyesha wateja wangu, kana kwamba humo ghalani nimezika mtu. Naomba ieleweke kuwa lile ni fuvu la fukusi. Mchoraji amelikuza ili wazee nao waone. Ofisi yako ingeamuru lipunguzwe lifikie kipimo chake halisi, biashara isingeyumba.

3. Ofisi haijui desturi za soko letu. Hapa mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, hutoa punje kiganjani, akanusa. Zisiponuka dawa anakuuliza kama umefiwa au umefilisika, kisha anahamia gunia la mwenzako. Mahindi ya kupigisha chafya moja ni daraja la pili. Ya chafya mfululizo ni daraja la kwanza. Yangu, bila kujisifu, wanunuzi huyanusa wakiwa wamekaa. Leo niuze mahindi yanayonuka mahindi? Nitamwangalia nani usoni?

4. Kuna maneno maneno kuhusu kuku. Ni kweli kuku wa jirani yangu, Mzee Matonya, waliingia ghalani wakadonoa yaliyomwagika, na hawakutoka kwa miguu yao. Mtaa mzima unaninyooshea kidole mimi, hakuna anayeuliza kuku wa watu waliingia kufanya nini. Mzee Matonya analalamika pia kwamba paka aliyewala kuku hao hajaonekana tena, na mimi nimegundua kwamba inzi waliomfuata paka nao wamepungua. Kwa hiyo mtaa sasa ni msafi, na barua ya shukrani sijaiona.

5. Shule moja ya bweni imenirudishia magunia, eti wanafunzi wanaumwa vichwa na kutapika. Mheshimiwa, na mimi nilisoma bweni. Vichwa tuliumwa kwa hesabu, matumbo kwa maharage, na hakuna aliyeweka kufuli mlangoni kwa mwalimu wa hesabu. Wapishi wanasema mahindi yakioshwa maji yanatoa povu. Povu ni usafi, waulizeni wafua nguo. Mwalimu wa zamu, Bi Evarista, alinipigia simu analia, akinitajia waliolazwa kwa majina, mmoja mmoja, kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa. Nilimpa pole. Lakini mtu mwenye machozi ya karibu namna ile hafai kukabidhiwa jiko.

6. La mwisho ni la haki. Fukusi anakula mahindi ya wananchi bila leseni, bila kupimwa afya, na hajawahi kutembelewa na afisa yeyote. Mimi ninayemzuia ndiye ninayefungiwa. Napendekeza ofisi ianze kwa kumsajili yeye. Halafu dawa ya pamba iondolewe katika orodha ya sumu, iwekwe kundi moja na iliki na mdalasini, na wananchi wafundishwe kwamba ulimi ukifa ganzi baada ya ugali ni dalili ya kushiba.

Ili kumaliza ubishi, nimetuma kwa basi gunia moja la mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana cha ofisi yako. Sagisheni, mpike, mle mshibe, kisha mniambie nimekosa nini. Mkishatosheka, naomba kufuli liondolewe kabla msimu haujanipita.

Nisalimie wote hapo ofisini, madereva na walinzi wakiwemo. Bi Tumsifu mwambie kifua kikitulia aje tunywe chai, sina kinyongo naye. Mke wangu Nasra na watoto wanakusalimu sana, wote ni wazima wa afya.

Ndimi, mlinzi wa punje za taifa,

Abdulrahim Yahaya

Nyongeza: Gunia nililowatumia msilitilie shaka hata kidogo. Halikutoka ghalani. Ni la nyumbani, katika yale tunayokula sisi, na halijaguswa na dawa yoyote, maana Nasra hataki hata kuisikia. Mtakuta fukusi wanatembea humo. Wapepeteni tu, hawana neno, wanangu wamekulia humo humo. Ila barua hii imeshinda kwenye mfuko wa koti langu la ghalani, ambalo Nasra amelipigilia msumari wake wa kulitundika nje, mbali na watoto. Kama kuna mama anayenyonyesha hapo ofisini, asiishike. Ninyi wengine, mkimaliza kuisoma, naweni mikono kwa sabuni kabla hamjala.