Yah: Migongo Mitano kwenye Picha ya Binti Yangu

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wapiga Makasia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kinachotazama kule unakokwenda, kama watu wengine. Mimi ni kinyozi, baba wa yule binti mliyempeleka mashindano ya dunia ya vijana. Umeniandikia kuomba nimruhusu akae kambini, huko ziwani, mwaka mzima, ajiandae na mashindano yajayo, na kunijulisha kwamba Jumamosi gari litakuja kumchukua. Jibu langu ni hapana. Sababu nimezipa namba ili katibu wako asizichanganye.

1. Mchezo wenu unakwenda kinyumenyume. Binti aliponieleza kwamba mpiga makasia hukaa ameupa mgongo mwisho wa safari, nilidhani ananitania. Nimenyoa madereva, manahodha na hata wanasiasa wawili, na ni hao wawili tu niliowahi kuwasikia wakiusifia mwendo wa namna hiyo.

2. Picha. Hapa naomba uvute kiti.

Picha ya kwanza ilitufikia kwenye simu siku ya mbio za awali. Binti yuko peke yake, mbele ya macho yake maji matupu, hakuna hata kivuli cha mtu. Mtaa mzima ulihamia saluni kwangu. Fundi redio, jirani yangu wa ukuta mmoja, alitoa spika nje akapaza sauti: "Kinyozi, mwanao kawaacha mpaka hawaonekani! Hao wenzake wamepotea njia au wameenda kula?" Nikanyoa watu bure mpaka umeme ukakatika. Jioni binti akapiga simu. Alikuwa wa mwisho. Wenzake wote walikuwa nyuma ya mgongo wake, yaani mbele, yaani walishafika na kukausha nywele.

Picha ya pili mliileta wenyewe, kubwa, kwenye fremu, na nembo ya chama pembeni. Binti katoa macho, kauma meno, na mbele yake migongo mitano ya wenzake. Nikaitundika karibu na kioo. Mtaa ukaja tena, safari hii kwa sauti ya chini. Shangazi yake alivua viatu mlangoni kama anaingia msibani. "Pole, kaka," akasema. "La muhimu mtoto karudi salama." Fundi redio akaihesabu migongo kwa ncha ya bisibisi. "Mitano. Basi huyu ni wa sita. Usijali, jirani, hata sita ni namba."

Hiyo ndiyo siku aliyoshinda, Mwenyekiti! Wale watano aliwaacha nyuma, nao wamekaa kinyumenyume kama yeye, ndiyo maana anaona migongo. Mtoto aliposhindwa tulicheza ngoma, aliposhinda tukapewa pole. Tangu hapo kila mteja namweleza upya. Wakati wembe uko shingoni hakuna anayebisha, lakini macho yao nayaona kwenye kioo.

3. Mnawadekeza walioshindwa. Baada ya binti kuwa wa mwisho, nikajua sasa anarudi nyumbani. Kumbe kwenu anayeshindwa hupewa mbio nyingine, ajaribu tena! Katika kazi yangu, ukimkata mteja sikio huletewi sikio la pili.

4. Fainali. Ulisimama redioni ukatangaza kwamba binti "ameshinda fainali". Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nalalamika. Hukusema kwamba fainali zenu ni nyingi kama vyumba vya gesti, kila moja na watu wake sita, na kwamba yeye alishinda ya nne, maana yake ni wa kumi na tisa duniani. Mimi wa kumi na tisa ananitosha sana. Sijui hata kama mimi ni kinyozi wa kumi na tisa kwenye barabara hii. Kwa nini umfiche?

5. Wasindikizaji. Mashua ya binti ina kiti kimoja. Viongozi waliosafiri naye walikuwa wanne. Namshukuru Mungu hamkujaribu kupanda.

6. Benchi. Tangu arudi, binti amelikata miguu benchi la wateja na kulifunga magurudumu, eti kiti cha mashua huteleza na yeye lazima afanye mazoezi. Wiki iliyopita mzee mmoja, nusu ya ndevu zimenyolewa, alikaa pale kusubiri maji ya moto yachemke. Tulimkuta kwa fundi redio.

7. Hii ya mwisho ni ndogo. Nyumba yetu ina watu wawili tangu mama yake atutoke. Ukimtoa mmoja, sidhani unahitaji mhasibu. Nilimwambia binti aache mambo ya maji, ashike mashine ya kunyolea, saluni hii ni yake. Alikuwa amesimama mbele ya ile picha. "Baba," akasema, "maisha yangu yote sikujua migongo ya watu inapendeza hivi." Nikamwambia mimi naangalia visogo kuanzia asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Akacheka, lakini hakugeuka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kigeuzeni kiti, binti atazame mbele kama binadamu. Kama kiti hakigeuki, ligeuzeni ziwa. Kama nalo ni zito, basi mmoja wa wale viongozi wanne aje akae saluni kwangu chini ya picha, awe anawaelezea wateja. Mpaka hapo mtakapotekeleza, binti haondoki, na hilo gari lisisumbuke.

Nisalimie hao viongozi wanne, katibu, dereva, na yeyote aliyekuandikia lile tangazo la redio, ana kipaji. Shangazi anawasalimu pia, bado anatoa pole.

Wako mwenye kinyongo na heshima kwa kiasi kilekile,
Kinyozi, baba wa mshindi wa fainali (ya nne)

N.B. Nilichelewa kuipeleka barua hii posta, na gari lenu halikuchelewa. Mkoba nilimfungia mwenyewe, kwa sababu yeye hajui kukunja nguo. Mbele kwenye pikapu palijaa kiongozi wenu mmoja na mabegi yake, kwa hiyo binti akapanda nyuma, akakaa juu ya makasia, kampa mgongo dereva. Nilisimama mlangoni nimejiandaa kuona kisogo kikiondoka, visogo nimevizoea. Nikaona uso. Aliniangalia barabara nzima, mpaka kwenye ile kona ya mwisho, na mkono juu. Malalamiko mengine yanabaki palepale, hasa la tano. Ila kiti, Mwenyekiti, msikiguse.