Vijiti Vilivyolala Kwenye Jina la Mgeni

Jumatatu, 4 Machi
Mjomba katangaza dukani: Ijumaa anakuja mwenye kiwanda cha sindano za cherehani, kutoka China. Akiipenda tovuti yetu, tunapata uwakala wake, na mimi nabaki na kiti cha kusimamia tovuti. Asipoipenda, kiti anapewa shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyesomea kompyuta darasani. Mimi nimejifunza kwa kuchungulia. Bado naongoza.
Jina la kiwanda limekaa vizuri juu ya ukurasa. Herufi nne za Kichina. Ya tatu ina msalaba ubavuni. Nimeitazama hadi chai ikapoa.

Jumanne, 5 Machi
Nimetaka kujua jina linatokea wapi. Seva huuletea ukurasa habari zake kwa kifurushi cha maandishi, kiitwacho JSON. Nimekifungua. Hamna Kichina hata chembe! Mahali pa ile ya msalaba pameandikwa \u9488. Zile nyingine vivyo hivyo: kijiti kilicholala, u, kisha makorokoro.
Nani kafanya hivi? Jana shemeji alipita mezani kwangu, eti anatafuta chaja.

Jumatano, 6 Machi
Nimeandika mstari mmoja wa msimbo. Unafagia vijiti vyote kabla kifurushi hakijaondoka. Sasa ukurasani panasomeka u9488 na nduguze. Sikushtuka. Ugonjwa umetoka nje, kama surua.
Mjomba alipita, akauliza mgeni wake kageuka lini kuwa namba ya gari. Nikamwambia hii ni hatua ya kwanza ya tiba. Akataka kujua ziko hatua ngapi. Nikasema inategemea mgonjwa.

Alhamisi, 7 Machi
Vipele havijapungua. Shemeji kaja kuangalia. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.
Akanieleza polepole, kama anayemvisha mtoto viatu. Kila herufi ina namba yake. Kile kijiti na u hukiambia kivinjari, programu inayoonyesha ukurasa, kwamba namba inafuata, nacho huigeuza kuwa herufi. Jina lilikuwa zima tangu Jumatatu. “Shem, umemng’oa mtu meno ili atafune vizuri.”
Nikauliza, kama lilikuwa zima, mbona kule ndani halikufanana na Kichina? Akauliza, nami nikipasuliwa kichwa, mawazo yatakutwa yameandikwa? Nikajibu inategemea nani anapasua.
Akakalia kiti changu, akafuta mstari wangu. Akasema anafanya hivyo kwa ajili ya dada yake, maana mume wa kushinda naye nyumbani mchana kutwa ni adhabu asiyostahili. Nikanuna, nikaondoka bila kutazama matokeo.

Ijumaa, 8 Machi
Jina limerudi, herufi zote nne! Mgeni kalisoma kwa sauti, kagusa kioo kwa kidole, katabasamu. Uwakala ni wetu. Mjomba akauliza nani kalitengeneza. Shemeji akatazama dari. Mimi nikasimama. Mjomba akasema basi, mpwa wangu, kiti ni chako.
Kupitia mkalimani nikamuuliza mgeni maana ya ile yenye msalaba. Sindano. Nimeichora kiganjani, sijanawa mpaka sasa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelipima jambo hili kwa haki kabisa. Dawa niliiweka Jumatano. Jina likapona Ijumaa. Shemeji alifuta mstari Alhamisi, wakati dawa imeshaingia mwilini. Alichofuta ni chupa tupu. Sijamwambia, asije akajisikia vibaya.
Mchana nimechungulia kifurushi cha bei. Kimejaa mabano yaliyojikunja, mwanzo hadi mwisho, wala hayashiki chochote ninachokiona. Nimeyafagia yote.
Ukurasa sasa ni mweupe, juu hadi chini, hauna bei wala jina. Sijawahi kuuona msafi hivi.